Ni Mapenzi Gani Haya?

Alifunga kitabu, akakisukuma katikati ya meza, akasema, "Mwalimu, mimi naishia hapa."

Ilikuwa Jumamosi jioni, katika chumba tunachokutania wasomaji saba hapa Nakuru, hatua chache kutoka sokoni. Yeye ni mama mboga. Huja akishamwachia bintiye kibanda, mikono bado ikinukia dania, na katika kikundi chetu hakuna anayesoma kwa makini kumshinda. Riwaya iliyokuwa mbele yetu ni ile ya Dostoevsky, mwandishi wa Urusi, kuhusu ndugu wa ukoo wa Karamazov. Tunaisoma kwa Kiingereza na kuijadili kwa Kiswahili. Alikuwa amefika pale Ivan anapomsimulia mdogo wake Alyosha habari za msichana wa miaka mitano aliyefungiwa chooni usiku kucha, katika baridi ya Urusi, na wazazi wake mwenyewe, watu wenye elimu na heshima zao mjini. Mtoto yule anajipigapiga kifua kwa kangumi kake gizani, anamlilia Mungu amlinde. Mama yake yuko kitandani, na usingizi unamjia.

"Nilipomzika kijana wangu," akaendelea, "watu walikuja mmoja mmoja, wakanishika mkono, wakaniambia ni mapenzi ya Mungu. Nikawa naitikia tu. Lakini haya ni mapenzi gani?"

Hakuna aliyejibu. Mimi ninayeitwa mwalimu nilikusanya karatasi zangu, tukafunga kikao mapema. Makala haya ni yale ambayo ningemwambia jioni ile kama maneno yangenijia kwa wakati.

Nianze na neno lenyewe, maana Kiswahili kimelifunga fundo hili kwa namna yake. Mapenzi ni ya vijana wawili wanaoandikiana ujumbe usiku wa manane. Na neno hilohilo ndilo tunaloliweka kwenye sala: mapenzi yako yatimizwe, hapa duniani kama huko mbinguni. Ndivyo nilivyofundishwa mimi katika kanisa la Kiprotestanti. Wakatoliki husali utakalo lifanyike, na wawili walio katika kikundi chetu hawakuwahi kuona kwamba tofauti hiyo ina uzito wowote mpaka tulipoyaweka maneno hayo mawili sambamba. Ina uzito. Kupenda kwetu tangu hapo kuna kutaka ndani yake, ndiyo maana tunasema ukipenda, njoo. Lakini mtu akisema utakalo, anainamia uamuzi, na uamuzi unaweza kuinamiwa hata usipoeleweka. Akisema mapenzi, anakiri pia kwamba aliyeamua anampenda. Kwa hiyo mfiwa anapoambiwa ni mapenzi ya Mungu, anapewa mizigo miwili kwa mkono mmoja: kwamba Mungu alitaka, na kwamba alitaka kwa kupenda. Wa kwanza wengi huubeba. Huo wa pili ndio uliomfanya mwenzetu afunge kitabu.

Upande wa pili wa fundo ni uovu, na hapa tuna maneno ya kutosha. Balaa, maafa na msiba humfika mtu bila mkono wa mtu mwingine. Dhuluma, ukatili na hiana vina mwenyewe aliyevitenda. Halafu kuna shari, ambayo tunaiombea itupitie mbali bila kuuliza imetoka wapi. Ulaya walilipigania suala hilo kwa vitabu baada ya asubuhi ya tarehe 1 Novemba 1755, siku ardhi ilipotikisika mjini Lisbon, Ureno, makanisa yakiwa yamejaa waumini wa Sikukuu ya Watakatifu Wote. Mtetemeko ukafuatwa na bahari, bahari ikafuatwa na moto. Mwanafalsafa Leibniz alikuwa ameandika mwaka 1710 kwamba ulimwengu huu ndio bora kuliko wote ambao Mungu angeweza kuuumba. Voltaire, mwandishi wa Ufaransa, hakuweza tena kulimeza hilo, na mwaka 1759 akatoa kisa cha Candide, kijana ambaye mwalimu wake humhakikishia baada ya kila janga kwamba yote ni heri.

Sisi hatuna haja ya kwenda Lisbon. Usiku wa 9 Mei 2018 bwawa lilipasuka Solai, katika kaunti hii yetu, maji yakashuka gizani juu ya nyumba za watu, na zaidi ya watu 40 wakafa, watoto wakiwemo. Mvua ya msimu ule ilikuwa kubwa kweli. Lakini bwawa halijichimbi. Wiki ile nzima mjini watu waligawanyika kwa maneno yaleyale niliyoyataja: huyu akiita maafa, yule akiita dhuluma. Kwenye matatu mzee mmoja alimkatiza aliyekuwa akisema Mungu amepanga. "Mvua ni ya Mungu," akamwambia, "ukuta ni wa mtu." Gari zima likanyamaza mpaka steji.

Hoja yenyewe ya kale, inayohusishwa na Epicurus wa Ugiriki, huwa naieleza kwa mafiga. La kwanza, Mungu ni mwema. La pili, Mungu ni muweza wa yote. La tatu, uovu upo, na ni uovu kweli. Litazame kila figa peke yake, limesimama imara. Teleka chungu, kinayumba. Kwa hiyo kila anayejaribu kukitengeneza husogeza figa moja. Wako wasemao Mungu amempa binadamu hiari, na kwa hiyo uwezo wake ameuwekea mpaka yeye mwenyewe. Wako wasemao wema wake haupimwi kwa kipimo chetu. Na wako wanaoligusa lile la tatu, ambao matangani ndio wengi: kwamba aliyeumia alistahili, au kwamba hakuumia kweli, au kwamba siku moja tutaona faida yake.

Marafiki wa Ayubu walilishika hilo la tatu. Elifazi, Bildadi na Sofari walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo huduma pekee waliyompa. Walipofungua vinywa wakaanza kumtafutia kosa. Kule Nyanza Waluo wana neno chira, dhiki inayomkausha mtu kwa sababu mwiko umevunjwa, na mgonjwa akianza kukonda, ukoo huketi kuuliza nani alikosea wapi. Siyadharau mawazo hayo. Yamewapa watu wengi mpangilio wa kuishi na kuheshimiana. Lakini yanafanya kazi ya Elifazi, kwa sababu hayakubali maumivu yasiyokuwa na mdaiwa. Kitabu cha Ayubu kinayakataa kwa kinywa cha Mungu mwenyewe, anayewaambia marafiki wale kwamba hawakusema yaliyo sawa. Pwani nako kisa hiki kilitungiwa utenzi, na katika simulizi za Waislamu kuna mtu ambaye wahubiri wetu hawamtaji sana: mke wa Ayubu, aliyebaki akimuuguza wengine walipomkimbia. Jina lake Rehema.

Basi, mapenzi. Kanisani hutajwa maneno manne ya Kigiriki: erosi ya wapenzi, filia ya marafiki, storge ya jamaa, na agape isiyodai malipo. C. S. Lewis aliyaandikia kitabu mwaka 1960, na tangu hapo yamezunguka kwenye mahubiri ya harusi mpaka yamechakaa. Yanasaidia, lakini naona kitenzi chetu kinasaidia zaidi, kwa sababu kinaonyesha namna penzi linavyogeuka likiwa mikononi mwako. Kupenda. Kupendana, ambapo penzi linarudishwa. Kujipenda, ambapo halitoki nje. Kisha kupendelea. Ongeza sauti chache tu, na upendo umekuwa upendeleo: moyo bado ni uleule, joto ni lilelile, ila sasa kuna mtu amesimama nje ya mlango. Huruma, rehema na utu havitoki kwenye kitenzi hicho hata kidogo. Mtu anaweza kumhurumia asiyempenda. Naomba msomaji alishike hilo, nitalirudia.

Tulizoea shuleni kufundishwa kwamba mwovu katika hadithi ni mtu asiye na upendo. Kazi kubwa za kubuni hazisemi hivyo. Mfalme Lear wa Shakespeare anawapenda binti zake watatu. Kosa lake ni kuyaweka mapenzi kwenye mizani ya soko, kwamba atakayesema anampenda zaidi atapata sehemu nono ya ufalme. Wawili wanapamba maneno. Cordelia anasema anampenda kama inavyompasa mtoto kwa mzazi, bila kuzidisha wala kupunguza, na kwa hilo anafukuzwa. Ukatili wote unaofuata unapita kwenye mlango uliofunguliwa siku ile, mpaka mzee Gloucester anang'olewa macho mbele ya hadhira. Mtumishi mmoja asiye na jina anachomoa upanga dhidi ya bwana wake mwenyewe kuzuia kitendo hicho, naye anauawa. Katika chapa ya mwaka 1608 wanabaki watumishi wengine wawili, na mmoja anasema anakwenda kuleta kitani na ute wa yai ampake mzee usoni panapovuja damu. Chapa ya mwaka 1623 haina mistari hiyo. Mimi siwezi kuusoma mchezo huo bila ute ule wa yai. Hakuna aliyewatuma. Macho hayatarudi. Lakini kuna mtu amekwenda jikoni.

Hadithi inayoliweka swali letu wazi kuliko zote imetoka kando ya Nam Lolwe, ziwa ambalo ramani huliita Victoria. Grace Ogot, aliyezaliwa Asembo mwaka 1930, alichapisha mkusanyiko wa hadithi fupi mwaka 1968, na mojawapo inamhusu Oganda, binti pekee wa Labong'o, ruoth, yaani mtawala wa watu wake. Ukame umeshika nchi. Ndithi, mganga wa mvua, ameletewa habari na mizimu usiku: mvua itanyesha Oganda akitolewa kwa zimwi la ziwani. Labong'o ni baba na ni ruoth, na kila nafasi inamdai mtu mwingine. Mwenyewe Oganda, alipoona wakubwa wamekutana, alidhani wanajadili posa yake. Alikuwa akihesabu moyoni ni kijana yupi watakayemchagulia.

Ukimtafuta mwovu katika hadithi hiyo humpati. Ndithi hana chuki na msichana. Wanakijiji hawamchukii, wanamwimbia, wanamsherehekea, wanaona ni heshima kwa ukoo. Kila mmoja ana anachokipenda, mtoto wake, mifugo yake, shamba lililopasuka nyufa, na ukiyajumlisha mapenzi hayo yote unapata msichana mmoja anayetembea peke yake kuelekea majini. Njiani mtoto mdogo anajipenyeza katikati ya umati, anamfikia na kumkabidhi kipuli. Dada yake alikufa wiki iliyopita, anasema, akakisahau; amfikishie huko aendako. Oganda anakipokea. Naye anampa yule mtoto chakula na maji aliyobeba, kwa kuwa yeye hana haja navyo tena.

Nimewasomea watu wengi kipande hicho, na kila mara pale pana kimya. Mtoto yule anampenda dada yake kwa dhati, na penzi lake linampita Oganda kama njia inavyompita mtu. Hamwoni. Anaona posta ya kuzimu.

Ni Osinda, mpenzi wake, anayemwona. Anamfuata mpaka karibu na ziwa, anamfunika kwa vazi la majani ili macho ya mizimu na hasira ya zimwi zisimpate, kisha wanakimbia. Penzi la watu wawili, ambalo ukoo wowote ungeliita ubinafsi, ndilo linalomtoa. Halafu radi inapiga, na mvua inakuja kwa nguvu zake zote. Ogot haelezi. Je, ingenyesha tu? Au kukubali kwa Oganda kulitosha? Au Ndithi alikosea tangu mwanzo? Mwandishi ameliacha swali limelowa mvua, na angeliharibu kama angelijibu.

Sasa turudi kwenye meza ya Ivan, kwa sababu Ivan anauliza jambo hilohilo. Anamwambia Alyosha: chukulia wewe ndiwe unayejenga hatima ya binadamu, ili mwisho wake wote wapate furaha na amani, ila ni lazima msingi wake uwe machozi ya mtoto mmoja, yule aliyejipiga kifua chooni. Ungekubali kuwa fundi wa jengo hilo? Alyosha amevaa kanzu ya utawa, na anamwamini Mungu kwa moyo wake wote. Anajibu kwa sauti ya chini kwamba hangekubali. Labong'o alikubali, akalia. Osinda hakukubali. Ivan naye hasemi kwamba Mungu hayupo. Anasema tiketi ya kuingia kwenye furaha iliyonunuliwa hivyo anairudisha, tena kwa heshima.

Wasomaji wengi huikumbuka tiketi. Wachache hukumbuka sura ile inavyoanza. Kabla hajamtaja mtoto hata mmoja, Ivan anaungama kwamba hajawahi kuelewa mtu anawezaje kumpenda jirani yake. Walio mbali wanapendeka. Aliye karibu, uso wake ukishaonekana tu, penzi linakwisha. Pengine ananuka, pengine ana sura ya kijinga, pengine siku moja alikukanyaga. Mapema zaidi mzee Zosima, mtawa anayemwongoza Alyosha, amesimulia habari za daktari aliyesema kwamba kadiri anavyowapenda binadamu kwa jumla, ndivyo anavyoshindwa kumvumilia mmoja mmoja. Hawezi kukaa siku mbili katika chumba kimoja na mtu: huyu anakula polepole mno, yule ana mafua na anapenga kamasi kila saa. Kwa hiyo hoja kali kuliko zote dhidi ya Mungu katika riwaya ile inaanzia kwenye mapenzi. Ndipo fundo lilipo. Ivan hawezi kumsamehe Mungu kwa ajili ya watoto aliowasoma magazetini, na hawezi kumvumilia mtu wa chumba cha pili.

Aliyekulia kwenye ploti anamwelewa Ivan mara moja. Sisi tulikuwa na vyumba kumi, bomba moja, vyoo viwili. Mama yangu na jirani wa chumba cha pembeni walikuwa hawasemezani kwa miezi, kisa kamba ya kuanikia nguo. Mwishoni mwa Januari 2008 ghasia za baada ya uchaguzi ziliposhika Nakuru, siasa zilikuwa zimetuweka sisi upande huu na yeye upande ule. Usiku vijana walipoingia mtaani wakiuliza nyumba zipi ni za kina nani, jirani yule alitukokota sisi watatu mpaka chumbani kwake, akatusukuma nyuma ya pazia la kitanda, kisha akaketi mlangoni na sinia la maharagwe akaendelea kuchambua. Walimuuliza. Akawajibu kwamba hapo ni kwake, na watoto waliolala ni wake. Hakunyanyua sauti. Nakumbuka mlio wa maharagwe yakidondoka kwenye sufuria, moja moja, na katikati ya maharagwe mawili ukimya mrefu kuliko yote niliyowahi kuusikia. Asubuhi tulikwenda uwanja wa maonyesho, ambako watu waliofukuzwa makwao walikuwa wamepiga kambi. Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia hizo, ilihesabu waliouawa nchini kuwa watu 1,133.

Jirani yule hakutupenda. Tuliporudi miezi kadhaa baadaye, ugomvi wa kamba ulikuwa palepale, na mama yangu alipompelekea kilo mbili za sukari alizipokea mlangoni bila kumkaribisha ndani. Nimefikiria sana alichotufanyia, na siwezi kukiweka kwenye erosi, wala filia, wala storge. Hata agape naona ni neno la wimbo kuliko mtu aliyeketi na sinia. Zosima anakaribia: anautofautisha upendo wa ndotoni, wenye haraka na unaopenda kutazamwa, na upendo wa vitendo, ambao anasema ni kitu kigumu na cha kuogofya. Kwetu tungeuita utu. Utu haukungoja jirani ampende mama yangu kwanza. Na Ivan, kwa akili zake zote, hilo hakulipigia hesabu: alidhani kwamba kwa kuwa hawezi kuhisi penzi kwa jirani, basi mlango wote umefungwa.

Lakini mwandishi wake alijua zaidi yake, na ameacha ushahidi mezani. Ndugu hao wawili wamekutana mkahawani. Kabla ya hoja kuanza, Ivan anamwagizia Alyosha supu ya samaki, chai, na jamu ya cheri, kwa sababu anakumbuka mdogo wake alivyoipenda jamu hiyo utotoni. Mtu aliye karibu kuungama kwamba hawezi kumpenda aliye karibu ameikumbuka jamu ya cheri kwa miaka yote hiyo. Dostoevsky hakuweka maelezo hapo. Sahani iko tu, hoja zinapita juu yake. Sisemi kwamba inaziangusha. Mtoto bado yuko chooni na baridi ni ileile. Nasema kwamba Ivan ana kitu mkononi ambacho yeye mwenyewe hakukiona.

Wala Dostoevsky hakuwa muuza faraja. Mei 1878 alimzika mwanawe, ambaye hakuwa ametimiza miaka mitatu. Alikufa kwa kifafa, ugonjwa uliomsumbua baba mwenyewe kwa miaka mingi. Mtoto huyo aliitwa Alyosha. Mwaka uliofuata riwaya ikaanza kutoka jaridani kwa sehemu, na katika barua kwa mhariri wake akaeleza kwamba visa vyote vya watoto anavyovisimulia Ivan ni vya kweli, vilichapishwa magazetini. Hakumpunguzia Ivan makali hata kidogo. Alyosha wa riwaya hana hoja ya kumrudishia. Anasimama, anambusu kaka yake, basi. Na baada ya hapo kitabu kinamletea mtoto wa kufa kweli, Ilyusha, ambaye baba yake alivutwa ndevu hadharani na yeye akakaa na uchungu huo kifuani mpaka maradhi yakammaliza. Hakuna muujiza. Kuna mkate, kwa sababu Ilyusha aliomba wamwagie makombo juu ya kaburi ili shomoro waje, asijisikie mpweke, na baba yake siku ya maziko anahangaika asiusahau mkate huo.

Haya ndiyo ningemwambia mama yule. Kwamba sentensi tunayoisema matangani, wengi wetu tunaisema ili kujifariji sisi tulioshika mkono wa mfiwa, kwa sababu hatuvumilii siku saba za kukaa chini bila neno. Kwamba sidhani ana wajibu wa kuiitikia. Na kwamba kitabu alichokifunga hakimdai akubali msiba wake kuwa penzi. Kimeandikwa na mtu aliyekataa kukubali hivyo, na bado akakumbuka shomoro.

Sikupata nafasi ya kumwambia. Jumamosi ya tatu alirudi mwenyewe, kitabu kimejaa madoa ya maji ya kunyunyizia sukuma. Alikuwa amekisoma kibandani, wateja wakipungua, na amefika mbali kuliko sisi wote, kwenye kisa cha kitunguu. Dostoevsky alikiandika kama alivyokisikia kwa mwanamke mmoja wa kijijini. Bibi mmoja mwenye roho mbaya alikufa bila tendo jema hata moja, akatupwa katika ziwa la moto. Malaika wake akahangaika mpaka akakumbuka: aliwahi kung'oa kitunguu shambani akampa ombaomba. Mungu akasema, kichukue kitunguu hichohicho, ashike, mvute. Akavutwa, akakaribia kutoka. Wengine ziwani walipoona, wakamshika miguu ili watoke naye. Akawapiga mateke akipiga kelele kwamba kitunguu ni chake. Kikakatika. Akaanguka, na malaika akaondoka akilia.

Wenzetu walianza kulijadili kama ilivyo kawaida yetu: kitunguu alipotoa kilikuwa upendo, aliposema changu kikawa upendeleo. Yeye alisikiliza, kisha akainama kwenye kikapu chake akatoa kitunguu kibichi chenye majani yake marefu, akakiweka mezani.

"Ni hiki," akasema. "Cha kung'oa shambani kina majani, ndiyo maana aliweza kukishika. Mimi nauza hivi kila siku. Sasa mwalimu, hakuna mtu anayepanda kitunguu kimoja. Huyo malaika alijua shamba liko wapi. Mbona hakurudi kung'oa kingine?"

Tuliahirisha sura iliyofuata. Jumamosi hii tunaanza na swali lake.